Mtoto Akianguka Mbele ya Gemu

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya malaria, minyoo, lishe ya mama mjamzito na usafi wa visima. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuandike juu ya jambo ambalo wazee wengi wa Mpanda wanaliona la kitoto: gemu za televisheni, na zile katuni za Kijapani ambazo vijana wetu wanaziita anime. Tunaandika kwa sababu mtoto mmoja aliungua mkono, na mkono ule usingeungua kama sisi wakubwa tungejua tunachokilaumu.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa darasa la sita. Jioni moja alianguka ndani ya kibanda cha gemu, pedi ikiwa mkononi, akakakamaa, akatetemeka, povu likamtoka mdomoni. Wenzake walikimbia. Mwenye kibanda alizima mitambo akafunga mlango, na kesho yake habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba ndani ya gemu ile ya mapigano na miale mna pepo. CD ikachomwa moto. Mtoto akapelekwa kwa mtaalamu wa jadi, akachanjwa kifuani, akafukizwa, akakatazwa kusogelea televisheni yoyote. Miezi minne baadaye aliangukia jiko la mkaa nyumbani kwao, nyumba ambayo haina televisheni wala redio. Ndipo bibi yake alipomleta zahanati.

Tulimwamkia, tukampa kiti. "Mganga," alisema, "huyu mjukuu wangu kuna kitu kilimwingia kutoka kwenye kile kioo."

"Bibi, kabla ya siku ile ya kibandani, hakuwa akiduwaa? Anakatika katikati ya maneno, macho yanatazama mbali, kisha anarudi kana kwamba hakuna kitu?"

Bibi alifikiri kidogo. "Hilo ni la siku nyingi, mwanangu. Hata shuleni wanamchapa kwa hilo."

Basi ugonjwa ulikuwapo kabla ya gemu. Kule kuduwaa alikochapwa kwa kudhaniwa mvivu, ni namna mojawapo ya kifafa ambayo wengi hatuitambui kwa vile haina kishindo. Siku ya kibanda ugonjwa ulijionyesha hadharani tu.

Hata hivyo hatusemi kwamba bibi yule alikuwa amekosea kabisa. Kioo kinaweza kuwa na sehemu yake, na wapenzi wa anime wanaijua habari hiyo kuliko waganga wengi. Tarehe 16 Desemba 1997, televisheni ya Japani ilionyesha sehemu moja ya katuni ya Pokémon. Mle ndani, mnyama mdogo wa njano aitwaye Pikachu anapiga makombora kwa umeme wake, na kioo kizima kikawaka mwekundu na buluu, mwekundu na buluu, kiasi cha mara kumi na mbili kwa kila sekunde moja. Jioni ile watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali kwa magari ya wagonjwa. Wengine walitetemeka, wengine walitapika, wengine waliona kizunguzungu na macho kufifia. Wengi walipata nafuu upesi na kurudi nyumbani. Katuni ilisimamishwa miezi minne, na tangu mwaka 1998 vituo vya televisheni vya huko vina masharti juu ya kumulikamulika kwa picha. Yale maandishi ya Kijapani yanayotokea mwanzoni mwa katuni nyingi, ambayo vijana wetu huyaruka kwa haraka ya kuona mapigano, yanamwambia mtazamaji awashe taa chumbani na akae mbali na kioo. (Wapenzi wenzetu watatukumbusha kwamba lawama yote aliibeba Porygon, kiumbe wa sehemu ile, hata akakosa nafasi katika katuni zilizofuata, ilhali aliyemulika ni Pikachu. Ni kweli, nasi tunaona alionewa.)

Wataalamu wanatueleza hivi. Katika kila wagonjwa mia wa kifafa, kama watatu hivi huweza kuangushwa na mwanga unaomulikamulika au michoro ya mistari inayochezacheza. Hao ni zaidi watoto na vijana, tangu miaka saba hadi kumi na tisa, yaani umri uleule wa kupenda gemu. Mwanga hauwapandikizii kifafa. Unaamsha kilicholala. Na ukichanganyika na usingizi mdogo, njaa, na kuketi pua kwenye kioo ndani ya chumba chenye giza, unaamsha upesi zaidi. Tukitazama vibanda vyetu, giza, njaa na kukesha vyote vimo.

Mtoto akianguka, iwe kibandani au kanisani, fanyeni hivi. Ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye, wekeni kitambaa au shati chini ya kichwa, mlazeni kwa ubavu ili mate na povu vitoke. Msimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji. Msimkandamize. Tazameni saa: akipita dakika tano hajaacha kutetemeka, apelekwe hospitali bila kungoja. Povu lile haliambukizi. Tunarudia, kwa sababu tumeona mtu akiachwa kuungua huku watu wazima wamesimama kando wakiogopa mate: povu haliambukizi. Na yule ambaye imekwisha kujulikana kwamba mwanga humsumbua, akiona miale imeanza afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila mia wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa mapema na kupewa dawa sawasawa. Katika nchi maskini, wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati dawa. Nchini mwetu, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kule Mahenge zaidi ya miaka sitini iliyopita, akakuta watu waliotengwa na jamaa zao, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Na hapa kwetu Katavi hatuwezi kusema kwamba udaktari ni jambo geni lililoletwa juzi. Karema ilipata daktari Mwafrika mwaka 1889, Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akasomea uganga kisiwani Malta, naye aliwatibu watu wa ziwani mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika nchi yenye historia hiyo, tunaona aibu mtoto kuchanjwa kifua kwa sababu ya gemu wakati vidonge vya fenobabitoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Vidonge humezwa kila siku kwa muda uliopangwa na mganga, na haviachwi ghafula hata mtoto akionekana mzima, maana kuacha ghafula huleta kuanguka kubaya zaidi.

Sasa tuungame. Sisi tunaoandika ukurasa huu nasi ni wapenzi wa gemu na katuni hizi. Mmoja wetu alikulia enzi za kanda za video, wakati tulipoona ni ajabu kubwa kusikia sauti ya Lufufu akiwasemesha Wachina na Wamarekani Kiswahili. Mwingine alijifunza kusoma Kiingereza kwa kufuata maandishi chini ya picha za Dragon Ball, na Machi 2024, ilipotangazwa kwamba mtunzi wake Akira Toriyama amefariki akiwa na umri wa miaka 68, alikaa kimya nusu siku nzima. Wakubwa walimcheka. Sisi tulimpa pole. Mtu hulia msiba wa aliyemfurahisha utotoni, awe mwimbaji wa dansi au mchora katuni.

Kuna jambo tunapenda kuwaambia wazee wanaodhani vitu hivi vinatoka sayari nyingine. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 katika mji wa Kyoto, ikitengeneza karata. Ni mwaka uleule Atiman alipofika Karema! Na kutoka Chuo Kikuu cha mji huohuo wa Kyoto ndiko alikotoka Toshisada Nishida, aliyekuja mwaka 1965 kuwachunguza sokwe wa milima ya Mahale, jirani zetu kabisa wa kaskazini. Mji mmoja umetuletea wataalamu wa sokwe na Mario pia.

Na muziki je? Wapo wanaosema muziki wa gemu ni kelele za mashine. Mwaka 2005 ilitoka gemu iitwayo Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Jina lake ni Baba Yetu. Mwezi Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Kwaya za nchi nyingi huuimba. Tulipomsikilizisha mwalimu mmoja wa kwaya hapa mjini, alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni parokia gani. Tulipomwambia ni gemu, alitikisa kichwa akaomba arushiwe kwenye simu.

Baada ya kuungama hivyo, tunayo haki ya kusema ukweli kuhusu mahali vijana wetu wanapochezea. Jina lenyewe linajieleza: kibanda umiza. Kiumizacho zaidi ni kibanda, wala si gemu. Ingieni siku moja saa kumi na mbili jioni. Mabati juu, maturubai pembeni, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kioo kionekane, vijana arobaini katika nafasi ya watu kumi na watano, mabenchi yasiyo na mgongo. Humo wamo wachimbaji wadogo wa dhahabu waliokuja mjini kupumzika, na kati yao wapo wenye kikohozi cha wiki tatu au nne. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, na hupenda mahali pasipo na hewa mpya. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka kadhaa yumo hatarini kuliko wengine, na mtoto wa jirani aliyebanwa ubavuni mwake anashiriki hatari ile kwa kiingilio cha sarafu ya mia mbili. Mbu nao wanaingia saa ileile. Kama kuna kibanda kinachotumia jenereta, basi ongezeni moshi, na sauti ya spika inayopandishwa ili kuishinda ngurumo ya jenereta.

Juu ya masikio, Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya kipimo cha desibeli 80 haidhuru mtu mzima akiisikiliza hadi saa 40 kwa wiki, na kwa watoto kipimo kinashuka kuwa 75. Lakini sauti ikipanda kidogo tu, saa zilizo salama hupungua sana. Kama lazima upaze sauti ili aliye hatua moja mbele yako akusikie, hapo mmekwisha kuvuka. Kijana anayelala na spika za masikioni akisikiliza nyimbo za Final Fantasy usiku kucha, nyimbo nzuri za Nobuo Uematsu, mtu aliyejifunza muziki mwenyewe, tunamwomba ashushe sauti. Nyimbo zile hazitoroki. Masikio yakiharibika hayarudi.

Na macho. Wazazi hutuuliza kama gemu inapofusha. Haipofushi. Anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache, macho yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika ishirini atazame mbali kwa sekunde ishirini, mathalani mwembe ulio ng'ambo ya barabara. Lakini upo ushahidi mwingine unaotushughulisha zaidi. Katika mji wa Guangzhou nchini China, shule kadhaa ziliongezewa dakika 40 za watoto kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa 30.4 katika kila mia, na katika shule ambazo hazikubadili kitu walikuwa 39.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Jua la nje ni kinga ya macho, na jua hapa Mpanda tunalo bure. Kwa hiyo mtoto aliyechunga mbuzi mchana akacheza gemu saa moja jioni hatutishi. Yule aliyetoka darasani akaingia kibandani moja kwa moja mpaka usiku, huyo ndiye tunayemfuatilia.

Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua ulevi wa gemu kuwa ni ugonjwa. Wazazi wengi walifurahi, wakidhani sasa wamepata cheti cha kumchapia mtoto. Wasome vizuri. Dalili zake ni tatu, nazo huenda pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya chakula, masomo na watu wake, na anaendelea ingawa anaona inavyomharibia. Tena hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi kumi na miwili. Mtoto aliyechelewa kuteka maji kwa ajili ya mechi moja hana ugonjwa huo. Ana uzembe wa siku moja, kama sisi tulivyokuwa nao kwenye gololi na marede.

Tumekutana na mmoja ambaye kwa kweli alikuwa nao. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, baba yake amefariki, mama yuko shamba mbali kiasi cha kurudi mara moja kwa mwezi. Alicheza usiku na kulala mchana, akauza baiskeli, akakonda. Aliyemletea nafuu hakumnyang'anya simu. Ni mjomba wake aliyemchukua kijiji kingine, akampa kitanda, chakula cha saa na kazi ya mashine ya kukoboa mpunga. Simu aliachiwa. Baada ya muda alicheza Jumamosi tu, kwa hiari yake. Kwetu sisi, mara nyingi ulevi wa namna hii ni upweke uliopata taa.

Wapo wanaotaka vibanda vifungwe na serikali. Nchi zenye nguvu kuliko yetu zimejaribu. Korea ya Kusini mwaka 2011 ilipiga marufuku watoto chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandao kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi; sheria ile iliondolewa kuanzia Januari 2022. Mkoa wa Kagawa, Japani, tangu Aprili 2020 una kanuni ya dakika 60 kwa siku za shule, bila adhabu kwa anayeivunja. China mwaka 2021 iliwapa walio chini ya miaka 18 saa tatu tu kwa wiki. Hatuoni mtendaji wa mtaa wa Kawajense au Makanyagio akizunguka na saa ya namna hiyo. Anachoweza ni kumwambia mwenye kibanda: fungua madirisha mawili yanayotazamana, washa balbu moja nyuma ya watazamaji, watoto wa shule waondoke kabla ya saa kumi na mbili jioni, nawe usiwapokee saa za masomo. Hayo hayahitaji sheria mpya.

Mahali ambapo tungependa kuona ukali ni pengine. Kando ya vibanda vya gemu, na mara nyingine ndani yake, zimewekwa zile mashine za kutumbukiza sarafu zinazoitwa dubwi. Zina taa, zina muziki, zina picha za katuni, na mtoto wa miaka kumi anaziona ni gemu. Si gemu. Katika gemu, mtoto akishindwa anajifunza na kesho anashinda. Katika dubwi hakuna cha kujifunza, maana mashine imepangwa ili mwenye mashine apate. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza mtu wa chini ya miaka 18. Tumewaona watoto wenye sare wakipanga foleni hapo, na fedha ile ilikuwa ya madaftari. Na hata ndani ya gemu za simu siku hizi yamo masanduku ya bahati nasibu yanayouzwa kwa fedha halisi. Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba hayo ni kamari. Mzazi anayechoma CD ya mapigano huku akipita kando ya dubwi bila kugeuza shingo, tunamwomba ageuze.

Neno moja juu ya wasichana. Tumeandika "vijana" na "mtoto" kana kwamba ni wavulana tu, kwa kuwa vibandani ndio waliomo. Dada zao wanapenda anime vilevile. Wanaiangalia kwenye simu ya kaka, saa nne usiku, baada ya vyombo. Ndiyo kusema burudani yao yote inakatwa kwenye usingizi. Mwenye miaka kumi na tatu hadi kumi na minane anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Kama kaka ataosha vyombo siku tatu kwa wiki, dada ataona katuni yake saa mbili na kulala kwa wakati. Na kwa wadogo kabisa: wa chini ya miaka miwili hahitaji kioo chochote, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa hao hata Ubongo Kids, katuni yetu wenyewe ya Kiswahili inayofundisha hesabu tangu mwaka 2014, ingoje kwanza.

Mtoto wa mkono ulioungua anaendelea na vidonge vyake. Kovu limebaki, na kidole kimoja hakinyooki vizuri, lakini tangu alipoanza dawa hajaanguka, na mwalimu wake ameelezwa. Tulimruhusu acheze mchana, mbali na kioo, akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, na asiwe peke yake. Mwenye kibanda alikubali kutoboa dirisha upande wa mashariki. Sasa wateja wake wanalalamika kwamba asubuhi jua linapiga juu ya kioo na magoli hayaonekani. Naye amekuja kutuuliza kama anaweza kuweka pazia. Tumemwambia aweke, jepesi, na saa sita alifungue.